Makombo ya Gyu-hwan

Kila jioni Jeom-rye alipika wali wa watu wawili, akaweka mezani mabakuli mawili, vijiko viwili na vijiti vya kulia vya watu wawili, kisha akala peke yake. Mwanawe Gyu-hwan alifanya kazi Seoul, mwendo wa treni usiofika hata saa nzima, lakini ofisini kwao hakuna aliyethubutu kuinuka kabla ya bosi, na bosi mwenyewe hakuwa mtu wa kuinuka. Mama alipotimiza miaka sabini, sherehe ambayo mtoto wa kiume hakosi, Gyu-hwan alikosa. Alituma mashine.

Ilikuwa nyeupe, kimo cha sufuria kubwa ya wali, ikawekwa juu ya kabati la jikoni karibu na sinki. Kazi yake ilikuwa kugeuza makombo kuwa udongo, ili mama asihangaike kushuka na ndoo mpaka kwenye pipa la jengo. Ndani yake waliishi vijidudu wasiopenda chumvi wala pilipili. Kwa hiyo kabla ya kuwatilia kimchi, kabichi yake kali ya pilipili, Jeom-rye aliisuuza bombani, kama alivyokuwa akimsuuzia Gyu-hwan alipokuwa mdogo, ulimi wake haujazoea ukali.

Jioni ya kwanza alimimina humo bakuli la Gyu-hwan ambalo halikuguswa. Mashine ikasaga, ikanguruma kidogo, kisha ikasema, "Nimeshiba, Mama."

Ilikuwa sauti ya Gyu-hwan, ya ukubwani, yenye mafua.

"Haya, baba," akajibu Jeom-rye, akaendelea kufuta meza.

Tangu hapo akapika kwa moyo. Jirani yake Mal-sun, aliyekuja kuazima mafuta ya ufuta, alizitazama sufuria zile akatikisa kichwa.

"Mama Gyu-hwan, mbona unapika utadhani umepata wakwe?"

"Mtoto anakula."

"Nimeshiba, Mama," ikasema mashine.

"Ana adabu," akasema Mal-sun. "Wangu mimi ukimpakulia anauliza nyama iko wapi." Akachukua mafuta yake akaenda zake.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, Jeom-rye alimpigia mwanawe simu.

"Njoo ule nyumbani, mwanangu."

"Mbona nakula, Mama? Siku hizi ikifika jioni nashiba papa hapa kwenye kiti. Jana ulipika samaki, si ndiyo? Mkia uliungua kidogo."

"Uliungua. Nilikuwa naongea na Mal-sun."

"Basi bosi ameona sishuki kula, amenifutia saa ya chakula. Anawaambia wenzangu waige mfano."

"Na sikukuu je?"

"Sikukuu niko kazini, Mama. Wewe tia tu. Nitakula."

Jeom-rye alikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Alikuwa akimlisha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huohuo ndio uliomfungia njia ya nyumbani. Utotoni Gyu-hwan alikuwa na tabia ya kununa na kutoroka, na kila mara njaa ndiyo iliyomrudisha. Itamrudisha tena, akajisemea, akachomoa waya wa mashine ukutani. Siku zile naye hakula. Kila alipoinua kijiko alimwona mwanawe amejiinamia mezani kwake, akakirudisha.

Siku ya sikukuu alipika kila kitu, akakipanga kwenye meza fupi sakafuni. Mchana mlango ukafunguliwa. Gyu-hwan aliingia na suti yake, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, uso umemshuka.

"Mama, usinifanyie hivyo. Jana nimeanguka kwenye kikao."

"Vua viatu ukae. Chakula bado cha moto."

"Teksi inaningoja."

Hakuvua. Alipiga magoti, akainua miguu viatu visiguse sakafu, akatambaa mpaka jikoni, kama afanyavyo mtu aliyesahau funguo ndani naye ana haraka. Akachomeka waya. Mashine ikaanza kunguruma.

"Kula hata kijiko kimoja," akasema Jeom-rye. "Nikuone tu."

"Nikianza kula kwa mdomo nitachelewa, Mama."

Kutoka magotini hakuweza kuufikia mfuniko. Kwa hiyo aliinua bakuli moja moja kutoka meza fupi, akampa mama yake, na mama yake akayapokea akamimina: wali mpya, samaki, mchuzi wa figili, kimchi. Alitamani kuzuia mkono wake. Lakini mtoto alikuwa na njaa, naye akamimina. Kila bakuli lilipoingia, rangi ilirudi kidogo mashavuni kwa Gyu-hwan. Meza ilipobaki tupu alitambaa akarudi mlangoni, akasimama, akajipangusa midomo kwa kitambaa.

"Nimeshiba, Mama," ikasema mashine. Gyu-hwan mwenyewe alikuwa anakohoa, machozi yakimlengalenga.

"Kimchi hukuisuuza," akasema.

"Nilisahau, baba."

"Kesho usisahau." Akainama kumuaga kwa heshima, akafunga mlango.

Kesho yake jioni Jeom-rye alipika wali wa watu wawili, akaiweka kimchi chini ya bomba, akaisuuza mpaka ikawa nyeupe.