Siku Moja kwa Juma

Jiwe la mpaka halina miguu, husema watu wa kijiji chetu. La kwetu lilitembea, na miguu iliyolibeba ilikuwa yangu mimi, Ankush, mtu mzima mwenye wajukuu wawili. Hata sasa ninaposimulia sijui niangalie wapi.

Mwaka ule mvua ilitutupa kwa mara ya pili. Kisima alichotuachia baba, mimi na marehemu kaka yangu, kilibaki matope na vyura. Rukmin, mjane wa kaka, alikuwa amefunga mlango na kwenda wilaya za mbali na bintiye kukata miwa ya watu, miezi sita, kama kila mwaka. Nikamwita Genu, mtafuta maji. Genu hutembea shambani akiwa ameilaza nazi kiganjani. Nazi ikisimama, chini yake kuna maji. Ilisimama hatua tatu ndani ya shamba la Rukmin.

"Ankush, hapa si kwako," alisema.

"Wewe shika nazi yako. Mipaka niachie mimi."

Alitema tumbaku yake, akaenda zake. Kesho yake niling'oa jiwe, nikalisogeza hatua tano, nikafukia shimo lake na kulikanyaga vizuri. Mashine ikaja, ikachimba futi mia sita, maji yakaruka juu na watoto wakacheza matopeni. Nami nikacheza nao, mshenzi mimi.

Kwetu maji ya kisima kipya hayatumiki kabla mwanamke mkubwa wa ukoo hajapaka bomba unga wa manjano na kumwaga chungu cha kwanza. Mwanamke huyo alikuwa Rukmin. Alirudi juma lile lile, viganja vimepasuka kwa panga, nami sikuwa na budi kumwita. Alipaka manjano, akamwaga maji. Kisha akatembea kutoka kwenye bomba hadi kwenye jiwe, polepole, midomo ikihesabu. Nami nikajifanya nafukuza watoto bombani.

"Maji matamu, shemeji," alisema aliporudi. "Nipe siku moja kwa juma. Mtama wangu ukipona, mwaka huu sipandi lori kwenda kukata miwa."

Watu walikuwa wamejaa, na uso umeumbwa na haya.

"Moja tu? Chukua mbili!" nikasema. Wakanipigia makofi.

Kisha nikapanda miwa. Muwa hunywa usishibe, na umeme wa kuendesha pampu tulipewa kwa muda wa saa nane tu kwa siku. Kila Jumatatu Rukmin alikuja na jembe, mfereji wake keshauchimba hadi mpakani.

"Kesho, shemeji," nilimwambia.

"Jumatatu iliyopita ulisema kesho."

"Sasa unataka miwa yangu ife?"

"Ahadi ni deni, Ankush."

"Basi nenda kanishtaki!" Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka.

Mtama wake ulikauka ukiwa umefika magotini. Mwezi wa kumi lori la wakata miwa lilipita, naye alikuwa juu yake na bintiye, wamekalia sufuria zao.

Mwezi wa kwanza zamu ya miwa yangu kuvunwa ikafika, na kiwanda kikaleta kikosi cha wakataji. Wa tatu kushuka alikuwa Rukmin. Nilijificha kwenye kibanda cha pampu, nikachungulia mlangoni. Walikata hadi adhuhuri. Kisha nikamsikia Sangale, mnyapara wao, akifoka.

"Wewe mama! Mistari hii miwili mbona umeiruka?"

"Hiyo si ya Ankush."

"Ya nani basi?"

"Muulize. Yumo humo kibandani, anajificha, na utu uzima wake wote."

Wakataji wakaangua kicheko. Sangale hakucheka. "Mama, sina siku ya mafumbo. Usipoikata, leo huna ujira. Mwenye shamba! Hebu toka!"

Nikatoka. Rukmin alinitazama bila hasira, na afadhali angenitukana. Alikuwa akingoja neno moja tu. Bintiye naye alikuwa akingoja, kamba ya kufungia miwa mkononi.

"Mistari hii ni ya nani?" Sangale akauliza.

"Yangu," nikasema. "Ikate tu."

Rukmin akainama, akaikata. Hakuacha hata muwa mmoja. Walipomaliza kupakia alikuja kwenye bomba, lililokuwa likimwaga maji mferejini. Akaosha panga, akaosha mikono, akakinga viganja na kunywa. Kisha akamwita bintiye.

"Njoo unywe, mwanangu. Leo ndiyo siku yetu."

Wakanywa wote wawili huku nimesimama hapo hapo, wakapanda lori. Jiwe bado liko pale nilipoliweka. Nikipita karibu nalo huangalia upande mwingine.