Mashine Iliyoshika Njia ya Jana

Siku ya nne tangu nguzo ya simu ianguke mtoni, Milembe alisahau kula. Chapati aliyoifunga kwenye gazeti ilikaa juu ya kompyuta tangu asubuhi mpaka saa saba mchana. Rhoda, aliyekaa kwenye redio ya kuwasiliana na vituo vya kununulia pamba, aliifungua na kuila mbele yake bila kuomba.

"Nimekusaidia," Rhoda alisema huku akijifuta vidole. "Ungeipa hiyo mashine yako, nayo ingepotelea njiani."

Milembe alicheka kwa pua, macho yakiwa kwenye kioo. Alikuwa na wiki sita kazini, na miaka miwili ya chuo Dar es Salaam nyuma yake. Kwa aibu aliyokuwa nayo, mpaka siku hiyo watu wengi wa kiwanda walikuwa hawajawahi kusikia sauti yake. Waliijua migongo ya mikono yake tu, kwa kuwa muda wote ilikuwa juu ya vitufe.

Kiwanda kile cha kuchambua pamba, pembeni mwa mji wa Bariadi, kilikuwa zamani cha Ushirika. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye mtaji, kampuni moja yenye makao Mwanza ilikikodi pamoja na mizani, maghala na baadhi ya watu wake. Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka 2000, mvua za kwanza zimekwisha kupiga, na kampuni ilikuwa inagawa mbegu. Kila kituo kilitaja mahitaji yake kwa redio, Rhoda akaandika, Milembe akaingiza kwenye kompyuta, na orodha zikatumwa Mwanza. Huko malori yalipakiwa kwa kufuata orodha hizo. Ijumaa saa tisa alasiri ndiyo ilikuwa mwisho. Kituo ambacho orodha yake haikufika kingengoja awamu ya pili, katikati ya Desemba.

Na hiyo ilikuwa Ijumaa.

"Pamba ya Krismasi huvunwa matusi," mama yake Milembe, Kornelia, alizoea kusema. Kornelia alikuwa Ipililo, matuta yake yamekwisha kupigwa, anangoja mbegu. Orodha ya Ipililo ilikuwa ya tisa kati ya tisa zilizokwama ndani ya mashine ile. Redio ya Rhoda haikufika Mwanza, basi lilikuwa limeondoka alfajiri, na simu za mkononi bado zilikuwa habari za watu wa mbali.

Lililomnyima Milembe usingizi ni hili. Njia za kwenda Mwanza zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa waya wa zamani wa simu, uliopitia sanduku la mawasiliano la Ushirika lililokaa ghalani. Ya pili ilikuwa dishi jeupe lililofungwa juu ya paa miezi miwili iliyopita. Waya ulipokufa, kompyuta yenyewe ilitakiwa kuhamia kwenye dishi. Na ilikuwa imehamia! Alipofungua jedwali la njia aliliona limeandikwa wazi: Mwanza, pita dishini. Lakini kila orodha aliyoituma iliondoka, ikanyamaza, kisha ikarudi na alama nyekundu.

Meneja, Bwana Boniventura, alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa. "Zima, washa." Kwa siku tatu walizima na kuwasha. Dawa haikufanya kitu.

Ijumaa hiyo Milembe aliamua kuisoma mashine tangu mwanzo, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta sindano kwenye magunia. Saa nane kasoro dakika kumi aliipata mistari iliyoandikwa na Januarius, fundi aliyemtangulia. Kila kompyuta inapowaka, iliulize kwanza sanduku la ghalani: upo? Likijibu, ianze na waya, kwa kuwa dishi ni ghali.

Na sanduku lilikuwa linajibu. Waya ulikuwa umelala mtoni kwenye tope, lakini sanduku lenyewe lilikuwa zima.

Alitoka mbio kuelekea ghalani.

Mzee Luhaga, mtunza ghala tangu enzi za Ushirika, alikuwa ameketi kando ya mlango anashona gunia. Nyuma yake, juu ya kimeza kilichofunikwa kitambaa safi, sanduku la kijivu liliwasha taa zake tatu.

"Mwadila, guku," Milembe alisalimia kwa Kisukuma, akimwita babu, akipiga goti kidogo.

"Mwadila, mayu. Leo umekimbia. Kuna moto?" mzee aliitikia, naye akimwita mama.

"Hakuna moto. Guku, naomba tuzime lile sanduku."

Mzee aliweka sindano chini. "Barua iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya makabidhiano. Mwaka ule Ushirika unaondoka, katibu alinishika mkono hapa hapa. Akaniambia, Luhaga, hii ni mali ya wanachama, iwashe kila asubuhi mpaka aje mtu wa kuipokea kwako kwa barua. Wamekuja wenye suti, wakapokea mizani kwa barua. Wakapokea magunia kwa barua. Hili hawakuliandikia. Mimi nitalizimaje?"

"Waya wake umekufa, guku."

"Najua umekufa. Nguzo niliiona. Hata mlinzi ambaye boma lake limeungua halali nyumbani kwake mpaka aambiwe." Alimtazama kwa huruma. "Sikukatalii kwa ubaya, mayu. Lete barua hata sasa hivi, nitazima kwa mkono wangu."

Barua ilihitaji sahihi ya meneja na muhuri, na muhuri ulifungiwa kwa mhasibu aliyekuwa Maswa. Milembe aliangalia saa ya ukutani pale ghalani: saa nane na robo. Isitoshe, hata wangelizima, ilibidi kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Kwa jinsi ilivyokuwa imekatizwa mara nyingi wiki ile, ilikagua diski yake nusu saa nzima kabla ya kuamka, na siku nyingine zaidi. Hakuweza kubisha na mzee wa umri wa babu yake, tena mzee mwenye haki. Alisema asante, akarudi.

Njiani, nyuma ya uzio, ng'ombe wa jirani walikuwa wakipita kwenda kunywa. Milembe alisimama kuwapisha. Na akiwa amesimama pale akakumbuka mwaka ambao baba yake alihamisha zizi kule Ipililo. Zizi jipya lilikuwa wazi, kila mtu analiona, hata wageni walielekezwa huko. Lakini kwa wiki nzima, kila jioni, ng'ombe walikwenda kusimama mahali pa zizi la zamani, kwenye mavi makavu, wakilia. Watoto walicheka. Baba hakucheka. "Ng'ombe hasomi tangazo," alisema. "Anafuata miguu yake ya jana." Akakata miiba, akaziba mdomo wa njia ile ya zamani.

Milembe alishika uzio.

Kwa siku nne alikuwa anasoma tangazo.

Alirudi ofisini akikimbia tena, safari hii Rhoda akasimama kumwangalia. Alikaa, akaandika amri aliyoiona chuoni mara moja tu, kwenye somo ambalo nusu ya darasa walisinzia. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, kwenye kiini chake, kulikuwa na kumbukumbu nyingine mbali na jedwali. Kiini kilipokwisha kupeleka ujumbe mahali, kiliweka kando njia uliyopita, ili mwingine ukija kisihangaike kulisoma jedwali upya. Orodha ya kumbukumbu hiyo ilishuka kwenye kioo. Mwanza, pita ghalani. Mwanza, pita ghalani. Mwanza, pita ghalani.

"Rhoda," alisema kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Jedwali linasema dishi. Yenyewe inafuata miguu yake."

"Sijaelewa hata neno moja," Rhoda alisema, "lakini ni mara ya kwanza nakuona unatabasamu na meno."

Kwa kawaida njia ikibadilika, kiini husahau ya zamani ndani ya sekunde chache. Hiki hakikusahau. Alitafuta sababu na kuikuta kwenye mpangilio wa Januarius. Mahali pa sekunde alikuwa ameandika siku nzima, na chini yake maneno kwa herufi kubwa: USIGUSE. MASHINE HII NI DHAIFU, IKISAHAU ITACHOKA. Basi ikawa hivi: kila ilipowaka ilianza na waya, ikaushika waya kichwani, na jedwali lilipobadilika baadaye haikuwa na habari mpaka kesho yake. Na kabla ya kesho kufika, waliizima na kuiwasha.

Saa nane na dakika arobaini na tano, Bwana Boniventura aliingia, shati limelowa jasho mgongoni.

"Bado?"

"Nimeipata, bosi. Nataka—"

"Nimeongea na watu wa simu mjini, watatuma fundi kesho. Kesho! Sogea, tuizime mara moja ya mwisho, tumwombe Mungu." Mkono wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye kitufe.

Hata Milembe mwenyewe hakujua mkono wake ulifikaje pale. Ulikuwa umefunika kitufe, na mkono wa meneja ulikuwa juu yake.

"Hapana," alisema.

Redio ilikwaruza.

"Binti, umesemaje?"

"Hapana, bosi. Ukiizima italala nusu saa, na ikiamka itaanza tena na waya, maana sanduku la mzee Luhaga liko hai. Saa tisa itakuwa imepita. Ipililo watakosa, Lagangabilili watakosa, wote watakosa. Nipe dakika tano. Nikishindwa, kitufe ni chako, na barua ya kuniachisha nitaiandika mwenyewe."

Mkono haukuondoka. Boniventura aliutazama ule mkono kama mtu aliyeumwa na kifaranga.

"Januarius ameandika usiguse," alisema, akisoma kioo.

"Januarius hakuwepo nguzo ilipoanguka."

"Dakika tano," Boniventura alisema, akavuta kiti cha Rhoda na kukikalia. Rhoda alibaki amesimama.

Milembe alibadilisha siku nzima kuwa sekunde kumi. Kisha akaandika mstari mmoja wa kukifutia kiini kumbukumbu yote ya njia, akabonyeza. Orodha ikawa tupu. Aliamuru vituo vyote tisa vitumwe.

Kioo kiliganda.

Hakuna herufi iliyosogea. Feni ndani ya sanduku ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga. Ujumbe wa siku nne ulikuwa umeamka kwa pamoja, na kila mmoja ulikuwa unauliza njia.

"Umeiua," Boniventura alisema taratibu.

"Imechoka tu. Inauliza upya. Iache iulize."

Aliweka mikono mapajani. Dakika moja. Ya pili. Saa ya ukutani ilifika nane na dakika hamsini. Meneja alisimama. Milembe hakumwangalia, aliangalia kona ya kioo tu, mahali ambapo herufi zingetokea kama zingetokea.

Zikatokea. Mwanza, pita dishini.

Halafu, moja baada ya nyingine, polepole kama wanawake wanaoteka maji kwenye kisima kikavu: Lagangabilili, imepokelewa. Kituo cha Binza, imepokelewa. Rhoda alianza kuzihesabu kwa sauti, akizikosea kwa haraka. Ya saba. Ya nane. Kisha ikasimama.

"Ya tisa ni ipi?" Boniventura aliuliza, na safari hii alikuwa amesahau kuketi.

Milembe alisogeza uso karibu na kioo. Saa nane na dakika hamsini na sita, kioo kiliandika: Ipililo, imepokelewa.

Alilala kifudifudi juu ya meza, akalia bila sauti, kidogo tu. Rhoda alimpigapiga mgongoni. "Nyanyuka, shoga. Nitakununulia chapati mbili, moja ni deni."

Boniventura alikohoa. "Sasa hilo sanduku la mzee. Jumatatu si litatuletea balaa lile lile?"

"Litaleta, ila mashine itaisahau njia hiyo ndani ya sekunde kumi. Lakini ni vizuri lizimwe. Linataka barua."

"Sanduku linataka barua?"

"Mzee anataka. Na ana haki."

Meneja alimtazama kidogo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Andika, nitasaini. Muhuri Jumatatu."

Jumatatu, muhuri ukiwa umerudi kutoka Maswa, Milembe alipeleka barua ghalani, nakala tatu. Mzee Luhaga aliisoma kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, akarudia. Kisha akairudisha.

"Kuna kitu hakipo."

"Kipi, guku?"

"Hamjaandika kwamba halijawahi kudanganya."

Milembe alifikiri. Siku nne nzima sanduku lile liliulizwa: upo? Nalo likajibu: nipo. Hakuna aliyeliuliza kama linafika Mwanza. Alichukua kalamu, na chini ya sahihi ya meneja, kwenye nakala zote tatu, akaongeza kwa mwandiko wake mdogo: Kwa muda wote wa utumishi, chombo hiki hakikudanganya.

Mzee aliridhika. Alikunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni kifuani. Akalifuta sanduku vumbi ambalo halikuwepo, akalizima. Taa tatu zilizimika.

Nje, lori la mbegu lilikuwa linageuza, turubai limefungwa kwa kamba mpya. Dereva alichungulia dirishani kumuuliza Rhoda njia ya Ipililo.

"Usipite mtoni," Milembe alisema kabla Rhoda hajafungua mdomo, kwa sauti iliyomfikia dereva juu ya ngurumo ya injini. "Pale pamejaa. Zunguka juu."