Nyasi za Kochi la Kinyozi

Mimi ni mfanya usafi wa kliniki. Nimefuta sakafuni vitu ambavyo mtu akivitaja wakati wa kula wenzake wanasukuma sahani, na sijawahi kugeuza uso. Kwa hiyo nikisema gugu lile lilinitia kinyaa, mnielewe. Sideki.

Kipande chetu cha mboga kilikuwa nyuma ya nyumba ya pampu ya maji. Familia za mtaa wetu ziliunda kikundi, tukapewa eneo lile, tukaligawana, kila nyumba na kipande chake na kijia cha kupita katikati. Changu kilikuwa na nyanya, vitunguu na karoti. Niseme tu ukweli, ndicho kitu pekee nilichokiita changu bila mtu kucheka. Nyumba ni ya kupanga, vyombo ni vya mama mkwe, na watoto wote wamechukua sura ya baba yao.

Halafu likaingia lile dude. Ni nyasi ya kutambaa. Chini ya udongo ina mashina meupe kama minyoo, yenye vifundo, na kila kifundo kina kishungi cha mizizi yenye manyoya. Ukiikata inatoa ute. Ute unanata vidoleni, ukikauka unakuwa mweusi, na unanuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa chini ya ndoo. Tena ukiikata kwa jembe ndiyo umeizalisha, maana kila kipande chenye kifundo kinalala kidogo kama kimekufa, kisha kinaota. Niling'oa karoti moja nikakuta imetobolewa, shina jeupe limeingilia ubavuni na kutokea upande wa pili. Niliirusha huko kama mtu aliyeshika panya.

Mbegu zake zina vindoano. Zilinifuata nyumbani kwenye gauni, zikaingia kwenye shuka na soksi za watoto. Asubuhi moja nilikuta moja kwenye mswaki wangu. Siku hiyo sikupiga mswaki, nilikwenda kazini nimefunga mdomo.

Wanawake wa kikundi walilipa gugu hilo jina la Mpangaji. Halipi, linakula vyako, na ukilifukuza linarudi na ndugu zake. Tulicheka sana siku tuliyolipa jina. Baadaye vicheko vikaisha.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Mtaa mzima wanamwita Fundi, na mimi pia nikiwa nimekasirika. Nikiwa sijakasirika namwita baba watoto, ila hadithi hii haina nafasi kubwa ya jina hilo. Kwa kuwa ana futi ya kupimia, kikundi kilimpa kazi ya kusimamia mipaka ya vipande, na cheo hicho kilimvimbisha kichwa. Akipita kwenye vijia utadhani nchi nzima ameigawa yeye.

"Mpangaji anatoka kwa Bibi Miwani," aliniambia jioni moja, amesimama mpakani na mikono kiunoni. "Tazama pale. Na pale. Yule mzee haoni vizuri, atapalilia nini?"

Bibi Miwani ndiye jirani yetu wa kipande cha kushoto. Ni mjane, hana mtoto wala mjukuu wa kumletea chochote, na miwani yake imefungwa nyuma ya kichwa kwa lastiki ya sketi. Anakula kinachotoka kwenye kipande kile. Asipokuwa nacho atakula kwa kuombaomba majirani, na sisi majirani wote tunaujua ukarimu wetu ulivyo. Ni kweli upande wake Mpangaji alikuwa ameshavuka, vishungi kadhaa karibu na mpaka. Lakini upande wangu alikuwa amelala kitandani na viatu vyake.

Na kikundi kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeifanyia mzaha. Kitu chochote cha kutoka nje, iwe samadi, udongo au majani, lazima kionyeshwe kwanza kwa wenzako. Kuna mwenzetu aliwahi kuleta samadi mbichi kimyakimya, tukapalilia msimu mzima mpaka migongo ikakataa kunyooka. Tangu hapo, nyumba iliyoleta gugu sugu inanyang'anywa kipande. Hakuna kubembelezana.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Kabla Mpangaji hajaonekana, jua lilikuwa kali na mimi nililalamika kila siku kuhusu kubeba ndoo. Siku moja nilitoka kliniki nikakuta matuta yangu yote yamefunikwa nyasi kavu, kwa juu safi kabisa, udongo chini yake una unyevu. Baba watoto (hapa jina linamfaa) amesimama pembeni anatabasamu.

"Nimekutandazia, mke wangu. Usijiue na ndoo."

"Umezitoa wapi?"

"Nyasi ni nyasi. Wewe furahi."

Nilifurahi. Nilijisifu kwa wanawake wenzangu mpaka wakanuna. Nilisikia kama kuna harufu fulani, ya vumbi na mafuta ya nywele, nikasema labda ni mimi.

Jumanne, siku chache baada ya Fundi kumshtaki Bibi Miwani kwa Mwenyekiti wa kikundi, niliamua kuchimbua tuta la nyanya lote kwa jembe uma, maana kukata kulikuwa kumenishinda. Nilizamisha meno, nikalemea, nikainua bonge la Mpangaji la ukubwa wa mto wa kulalia. Lilitoka likivuta na kukatika, likidondosha ute. Katikati ya mizizi kulikuwa na kitu kinang'aa. Nikapasua bonge kwa mikono. Ilikuwa springi. Springi ya kochi, na mizizi imejizungusha humo duru kwa duru kama nywele kwenye kitana. Chini yake kulikuwa na misumari midogo ya makochi, jino la kitana, utepe wa mahameli ya buluu, na mafungu ya nywele nyeusi, fupi, zilizokatwa kwa mashine.

Nililijua lile buluu. Lilikuwa kochi la kinyozi, lile la wateja kusubiria. Fundi alikuwa amelifumua na kulijaza sponji mpya. Makochi ya bei rahisi kama lile hujazwa nyasi za kukatwa ovyo kando ya barabara na mbegu zake zote, na juu ya zile nyasi mtaa mzima ulikuwa umekaa kwa miaka, ukitoa jasho na gesi, ukidondosha ndevu. Hicho ndicho nilichotandaziwa kwenye nyanya. Hicho ndicho nilichowalisha wanangu.

Nilitapika pale pale kwenye kijia, mimi ambaye sijawahi.

Nilimkuta Fundi kwenye karakana yake, amepiga magoti mbele ya kiti, misumari mdomoni. Nikamwonyesha ule utepe. Akatema misumari mkononi mmoja mmoja, polepole, ili apate muda wa kufikiri.

"Nilidhani zimekauka," akasema.

"Zina nywele za watu, Fundi."

"Nywele ni mbolea."

"Na Bibi Miwani? Jumamosi kikundi kinakaa. Wewe ndiye uliyempeleka kwa Mwenyekiti!"

"Sasa unataka nikatangaze? Tunyang'anywe sisi? Tuna watoto, mama. Yeye yuko peke yake, hawezi kukosa cha kutia tumboni."

"Hivi unajisikia unavyoongea?"

Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeonewa. "Nilikuhurumia wewe na ndoo zako. Sikufanya kwa ubaya."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Alikuwa amejaza yale magunia, akayabeba mgongoni mpaka kule, akainama kwenye jua, kwa ajili yangu. Nikaona nyanya zangu kichwani, nikaona kijia kile bila mimi. Utepe nikautia kwenye mfuko wa aproni na kurudi nyumbani kuosha mikono. Niliiosha kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kliniki, na bado ilinuka.

Siku zilizofuata nilikwenda kumwagilia kama kawaida kabla ya kazi. Bibi Miwani alikuwa anatangulia kufika. Nilimwamkia, akaniitikia. Alikuwa amepiga magoti mpakani anaongezea vipande vya mabati chakavu kwenye vile alivyofukia tangu gugu lianze, kimoja baada ya kingine, kuzuia mizizi isivuke. Hakuuliza inavuka kutoka wapi. Mimi nilimwagilia nikaondoka.

Jumamosi tukakusanyika pale pale kwenye vipande. Mwenyekiti wetu ni dereva wa lori mstaafu, mwenye tumbo kubwa na moyo mwepesi, anayechukia ugomvi kiasi kwamba hukubaliana na anayepiga kelele zaidi. Siku hiyo alikuwa Fundi. Alivuta futi yake kutoka mpakani, akasoma namba kwa sauti, akainyoosha tena mahali pengine na kusoma namba nyingine, kana kwamba futi inaweza kuonyesha gugu limetoka wapi. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilisikia joto la aibu likipanda shingoni.

"Bibi, una la kusema?" Mwenyekiti akauliza, bila kumtazama.

Bibi Miwani akafukua kidogo kwa kidole na kuonyesha ukingo wa bati. "Nimeweka haya. Yamesukumwa kutoka huko, yakapinda kuja kwangu. Mwenye macho aje aone."

Hakuna aliyekwenda kuona. Mtu mmoja akasema mzee anahitaji kupumzika, kwa sauti ile tamu wanayotumia watu wanaotaka kukunyang'anya kitu.

"Basi," Mwenyekiti akapumua. "Wanaokubali kipande hiki kirudi kwenye kikundi, wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Mkono wa Fundi ulikuwa wa kwanza na ulipanda juu kuliko yote. Kwenye mkono wa shati lake, karibu na kifungo, mbegu ya Mpangaji ilikuwa imening'inia kwa kindoano chake. Niliitazama ile mbegu. Nikasikia ladha ya Jumanne ikinirudi kooni, na safari hii niliona kwamba nikiimeza itakaa humo maisha yangu yote.

"Shusheni mikono," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikachukua jembe uma la Mwenyekiti, nikaingia kwenye tuta langu mwenyewe, nikalemea na kuinua bonge. Nikalipasua mbele yao. Ikatoka springi nyingine, na misumari, na nywele. Nikatoa utepe kwenye aproni nikauweka juu yake.

Kinyozi, ambaye kipande chake kiko karibu na bomba, akasogea akainama. "Aisee," akasema. "Si kochi langu hili?"

Mtu akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Ni nyasi za makochi," nikasema. "Mume wangu alinitandazia. Zimetoka kwetu zimekwenda kwake. Bibi hajaleta kitu."

Fundi alikuwa bado ameshika futi. Ilijikunja yenyewe mkononi mwake kwa kishindo kidogo.

Mwenyekiti alifuta jasho. Alitafuta njia ya katikati na hakuiona. "Sheria tunayo," akasema hatimaye. "Kipande chenu kinarudi kwenye kikundi. Kitafunikwa nailoni nyeusi mpaka hilo dude lioze. Na kilichovuka kwa Bibi mtakitoa ninyi, kwa mikono, si kwa jembe."

Nilijua atasema hivyo. Nilizitazama nyanya zangu, zingine zilikuwa zimeanza kuwiva.

Watu walipotawanyika, Bibi Miwani akanisogelea. Nilidhani atanishukuru. Nakiri nilikuwa nimeshatengeneza uso wa kushukuriwa.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumanne, Bibi."

"Jumatano ulipita hapa."

"Ndiyo."

"Ukaniamkia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nikakuitikia." Akaniangalia kupitia vile vioo vyenye mikwaruzo, kama ninavyoangalia mimi kitu sakafuni kabla ya kwenda kuchukua tambara. Kisha akageuka, akapindua ndoo yake, akaikalia kando ya tuta lake la vitunguu.

Mimi na Fundi tukapiga magoti, yeye kutoka mwanzo wa tuta, mimi kutoka mwisho. Tulivunja udongo kwa vidole donge kwa donge, tukatoa kila kifundo na kukitia kwenye gunia. Ute ulinipanda mpaka viwikoni. Ulikuwa unanuka vilevile, lakini sikugeuza uso, maana sikuwa tena na haki hiyo. Fundi alianza kusema, "Mama watoto," nikamwambia anyamaze afanye kazi.

Nilipofika katikati ya tuta nikajinyoosha mgongo na kujifuta uso kwa bega. Nikadhani nimemaliza upande wangu.

Bibi Miwani alirekebisha lastiki nyuma ya kichwa. Akanyoosha kidole mahali nilipokuwa nimeshapita.

"Hapo," akasema. "Umeacha."