Umepona, Mheshimiwa

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kuomba. Ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake, na mtaa mzima ulilijua hilo. Lakini asubuhi ile, kwenye benchi la korido ya mahakama, bega kwa bega na dobi jirani yake, maneno yalimkauka mdomoni.

Kisa chenyewe kinatia aibu kukisimulia. Wanawake hawa walichangia baraza moja. Huyu na cherehani yake, yule na kamba yake ya nguo. Nguo mbichi zikadondosha maji kwenye suti ya bwana harusi aliyokuwa anaishona fundi. Matusi yakaanza, mama wa huyu akatajwa, mama wa yule akatajwa, na fundi, aliyekuwa ameshika pasi ya moto, akamkandamiza nayo mwenzake mkono wa kulia. Hasira hasara. Sasa kifungo kilikuwa kinamnyemelea, na nyumbani alikuwa na mama mzazi aliyepooza, asiye na mwingine wa kumgeuza kitandani.

Mwendesha mashtaka aliwaambia wajaribu kupatana kabla hawajaitwa. Wifi yake fundi, aliyesafiri kutoka mbali kumsindikiza, ndiye aliyezungumza, maana fundi mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Dobi hakutaka fidia. Alisema kamba ataisogeza nyuma kidogo, ila fundi naye ampigie pasi nguo za wateja mpaka mkono urudi. Wifi alikubali haraka, kama mnunuzi anayeogopa muuzaji asije akabadili bei.

Hakimu aliwasikiliza, akavua miwani. Alisema ugomvi wa majirani ukiisha kwa kupatana ni heri kwa wote, lakini jeraha kubwa halipatanishwi, hilo lina sheria yake. Akamgeukia dobi.

"Mkono unaendeleaje?"

Dobi alivuta mkono wa gauni mpaka kwenye vidole. "Umepona, mheshimiwa."

Fundi alikuwa amesimama karibu naye. Aliona kitambaa cha gauni kimelowa na kunata pale palipoungua.

"Na wewe unasemaje?" hakimu akamuuliza. "Mwenzako kapona?"

Aibu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Angetukanwa, angejua la kujibu.

"Kapona," alisema, na ilibidi aambiwe arudie kwa sauti.

Kesi ikafutwa. Wifi alicheka njia nzima, akisema Mungu si Athumani.

Jioni alikwenda chumbani kwa dobi kuchukua nguo za kupiga pasi. Alimkuta amekaa kitandani, kidonda wazi, bandeji mapajani. Aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini amemficha hakimu ukweli.

"Mama yako namsikia ukutani anavyokuita," dobi alisema. "Ungefungwa, angemwita nani?"

Fundi alikaa chini sakafuni, akaichukua bandeji. Alianza kuizungusha taratibu, asithubutu kuinua uso. Ndipo akakumbuka kwamba mwanamke huyu anaishi peke yake.

"Dada, muda wote huu nani alikuwa anakufunga?"

"Mwenyewe. Fundo nalikaza kwa meno."

Fundi, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alifunga fundo, likamshinda, akalifungua, akaanza upya.