Mguu Uliovuja Njia ya Wampembe

Cornelia alijua mambo yameharibika alipoona bakuli la uji likitembea lenyewe mezani. Lilianza taratibu, likashika kasi, akalidaka kabla halijamwagikia mama yake kitandani.

"Gari linaenda?" mama aliuliza.

"Haliendi, mama. Tumesimama."

Walikuwa kwenye mteremko wa kwenda Wampembe, kando ya ziwa, alikozaliwa mama kabla ya kuolewa huku juu kwenye baridi. Tangu avunjike nyonga alikuwa na ombi moja tu, alione ziwa tena. Kiti cha basi asingekiweza. Ndipo Zenon, mume wa Cornelia, akasema watampeleka kwa gari-nyumba lao: lori dogo kuukuu alilouziwa na Wazungu waliochoka safari, lenye kitanda, jiko, na miguu minne ya chuma inayoshushwa kwa mafuta ya haidroliki ili gari likae sawa penye mwinamo. Walikuwa wamesimama ili mama ale na abadilishwe nguo. Kulia kwao palikuwa na mlima, kushoto bonde.

Cornelia aliruka nje. Mguu wa nyuma, upande wa bonde, ulikuwa unanywea huku mafuta yakichuruzika. Mzigo uliokuwa umebebwa na mguu sasa uliliangukia tairi, na tairi likawa linaudidimiza udongo wa ukingoni uliolowa mvua. Akainama, akapeleka kidole apapase panapovuja.

"Toa mkono!" Zenon alifoka. "Yakiwa na presha hayo yanapenya nyama kama sindano!"

Alichana kipande cha boksi, akakipitisha polepole kando ya mpira wa mafuta. Kililowa kwenye nati inayouunganisha na mguu.

"Washa tuondoke," Cornelia alisema.

"Miguu ikiwa chini haliondoki. Na mafuta yakiisha, miguu haipandi. Lazima tuzibe kwanza."

"Basi tumtoe mama."

Zenon aliinamisha macho. Tangu aoe alikuwa hajawahi kumshika mama mkwe hata mkono. Walisalimiana kwa mbali, kwa adabu. Na mama alikuwa amesikia.

"Mkwe hanibebi mimi," alisema kutoka ndani. "Nitakaa humu humu."

Cornelia akajaribu peke yake. Alimpitishia mikono kwapani, akamvuta, mama akapiga yowe la maumivu. Sakafu ikainama tena. Jiwe lilichomoka ukingoni, likasikika likigonga huko chini, kisha likagonga tena, mbali zaidi.

Zenon hakungoja kuitwa. "Nisamehe, mama," alisema, akamzoa pamoja na blanketi, akatoka naye kifuani. Mama alijifunika uso kwa khanga mpaka alipolazwa kwenye nyasi, upande wa mlima.

Wakasomba mawe, wakayapanga chini ya chasi. Zenon akaweka gogo juu ya mawe hayo na jeki ya mkono, akapandisha mpaka uzito ukaegemea hapo, ndipo akaachia presha ya mafuta. Lakini nati ilikuwa imebanwa kati ya tairi na mawe. Bega lake halikupita.

"Nipe spana," Cornelia alisema.

"Hapana, Mama Sharon," Zenon alimkatalia mkewe.

"Nipe, baba."

Alitambaa kwa tumbo. Chuma kilikuwa karibu na kisogo chake kiasi cha kusikia ubaridi wake. Nati iligoma. Akashika spana kwa mikono yote miwili, akavuta, na mawe yakalia kwa kusagana. Akaganda.

"Zenon?"

"Nipo. Jeki imeshika. Endelea."

Kwenye nyasi mama alianza Salamu Maria, kwa sauti, bila kupumzika kati ya moja na nyingine. Cornelia akavuta tena, nati ikalegea, mafuta yakamchuruzikia shingoni. Ndani yake alikuta oringi, kile kipira cha duara cha kuzuia mafuta, kimekatika. Alikichokonoa kwa pini, akavalisha kipya alichopewa na Zenon, akakaza mpaka kiganja kikauma. Akarudi nje kinyumenyume.

Wakajaza mafuta. Zenon akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, mguu ukajisukuma chini, gari likainuka juu ya mawe. Cornelia aliweka boksi jipya chini ya nati. Lilibaki kavu.

Wakahamisha mawe, wakayashindilia chini ya tairi na mbele yake. Miguu ikapanda.

"Kaeni mbali," Zenon alisema, akapanda peke yake.

Gari lilikoroma. Tairi likateleza, likauma jiwe, likaruka hadi katikati ya barabara. Nyuma yake pande la ukingo likamomonyoka, likaporomokea bondeni.

Zenon alishuka, akazunguka nyuma ya gari, akatapika. Cornelia alimpelekea maji na kumshika mgongo.

"Tugeuze, turudi nyumbani?"

Alitazama barabara, akafuta mdomo. "Hapa hapageuziki."

Wakamrudisha mama kitandani, wakateremka kwa gia nzito, Cornelia ameketi kando yake. Jua lilikuwa bado halijazama wakati harufu ya dagaa wanaoanikwa ilipomfikia mama, kabla hajaliona ziwa lenyewe. Akaomba afunguliwe dirisha.