Bendera ya Dakika Sitini

Trrr. Trrr. Saa ilitetemeka juu ya sahani ya bati, na gizani ilikuwa kama nyuki ameingia chumbani akapotea njia. Niliinyakua kabla haijarudia. Binti yangu, Kifaranga tunavyomwita nyumbani, alijigeuza, akanipiga teke la mbavu, akaendelea na usingizi wake.

"Mdudu wako ameamka," mama mkwe alisema kutoka upande wa pili wa pazia.

"Samahani, mama. Lala tu."

"Nilale nini tena? Wenzako wanakimbia kutafuta unga, wewe unakimbia kutafuta dakika. Haya nenda, na mlango urudishe, mbu wasiingie."

Nilivaa viatu nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukiwa bado kitandani. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Naingia zamu mchana, Kifaranga akiwa bado chekechea, na natoka akiwa amelala fofofo. Baba yake anaendesha malori ya masafa marefu; yeye tunamsikia kwenye simu. Kwa hiyo mwanangu hulelewa na bibi yake, na mimi humpata Jumapili. Jumapili nikimpa kikombe cha maji, hukipokea kwa mikono miwili, kisha humtazama bibi yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. Mama mkwe hulionea haya jambo hilo kuliko mimi. "Kunywa wewe," humwambia, "unanitazamia nini?"

Ndiyo maana nilipopata habari kwamba klabu ya mbio ya mjini inatafuta mtu wa kuongoza kundi la asubuhi, la watu wanaoanza, nilikwenda kabla miguu haijanishauri vinginevyo. Kazi ya asubuhi! Mchana ningekuwa nyumbani, mwanangu akiwa macho. Kocha wa klabu, ambaye watu wote humwita Filimbi kwa sababu filimbi yake haivui shingoni hata akinywa chai, aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Kukimbia unajua," alisema. "Nataka kujua kama unaweza kukimbiza watu bila kuwaua."

Akanipa mtihani. Jumapili kulikuwa na mbio za kilomita kumi. Ningebeba mgongoni bendera ndogo iliyoandikwa "Dakika 60", na kila aliyetaka kumaliza ndani ya saa moja angefuata mgongo wangu. Akanifunga mkononi saa nyeusi ya michezo, ndiyo huyo mdudu wa mama mkwe.

"Nimeiwekea dakika sita kila kilomita. Ukizidisha mwendo inatetemeka mara moja. Ukilegea, mara mbili. Ikinyamaza, uko sawa. Na inaandika yote, kwa hiyo usije kwangu na hadithi. Nitaisoma."

"Nikishinda, kazi ni yangu?"

"Kushinda nini? Hushindani na mtu. Wewe ni saa yenye miguu."

Nilidhani ni kazi nyepesi. Kumbe! Siku zote zile za mazoezi saa ilitetemeka mara moja, mara moja, mara moja. Miguu yangu ilikuwa imezoea kulifukuzia lango la kazini kabla halijafungwa, na kabla ya hapo darasa la jioni, nililolimaliza nikiwa na mtoto anayenyonya. Nilijifunza kwamba mtu aliyechoka hajui kwenda polepole. Anajua kukimbia na anajua kuanguka. Hapo katikati hapajui. Ilinibidi nijifunze hapo katikati kama mtoto anavyojifunza kubeba bakuli lililojaa. Kufikia Ijumaa saa ilikuwa ikinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikahofia imekufa.

Jumapili watu kama ishirini walijipanga nyuma ya bendera yangu. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, mnene, kilemba chekundu kichwani.

"Dada, mimi nimekuja kwa ajili ya huo mgongo wako," aliniambia. "Mwaka jana nilifika wakati wanakunja mahema. Maji yenyewe nilipewa na mfagiaji."

"Leo tutayakuta yamesimama," nilisema.

"Usinidanganye. Mimi nina wateja wa kunidanganya."

Tulianza. Kilomita za mwanzo zilikwenda kama maji kwenye mfereji. Nyuma yangu nilisikia viatu vingi vikipiga lami kwa pamoja, na fundi akisimulia kila kitu alichokiona njiani. "Tazama suruali ya yule. Nani kamshonea? Atubu." Watu walicheka, nami nikawaambia wasimalize pumzi kwa kucheka. Saa kimya. Nilikuwa nimechoka, maana Jumamosi hospitali ilileta mashuka mlima, lakini ulikuwa uchovu wenye adabu, uliokaa nyuma yangu na wengine.

Baada ya kilomita ya sita tuliingia katikati ya mji, barabara nyembamba kati ya majengo marefu. Hapo saa ikaanza. Mara mbili. Mara mbili tena. Nilitazama: inasema nimelegea, nimelegea sana. Nilishtuka. Nikaona kazi ya asubuhi inaniponyoka. Nikaongeza hatua. Mara mbili. Nikaongeza tena.

"Dada," fundi alisema nyuma yangu, na safari hii hakutania. "Dada, umeongeza."

"Tumechelewa!"

"Mapafu yangu yanasema hatujachelewa."

Sikumsikiliza. Nani husikiliza mapafu ya mtu mwingine wakati ana saa mkononi? Niliwavuta hivyo mpaka tukatoka kwenye majengo, na kibao cha kilomita ya saba kikasimama mbele yangu. Nikalinganisha na muda tuliotumia. Hatukuwa tumechelewa hata kidogo. Tulikuwa mbele kwa zaidi ya nusu dakika. Saa ile hupima njia kwa kuwasiliana na setelaiti huko juu, na kati ya zile kuta ndefu ilikuwa imepotea kama mgeni sokoni. Ilikuwa ikikisia. Nami nikawakimbiza watu kwa kisio chake.

Niligeuka. Kati ya wale ishirini walikuwa wamebaki saba au wanane, nyuso zimekuwa za majivu. Wengine walikuwa wakitembea, mikono kiunoni. Kilemba chekundu kilikuwa mbali nyuma, kikiyumba.

Nikajua nimefanya nini. Nikajua pia kitu cha pili: mwendo uliobaki ningeweza kuurudisha kwenye dakika sita, mstari ukanyooka, na Filimbi akiusoma angeona kosa dogo tu, pale mjini, ambalo kila mtu angelisamehe. Au ningeweza kuwarudishia watu ile nusu dakika yao. Lakini saa ingeandika kwamba nilizidisha kisha nikalala, yaani sina mwendo kabisa.

Nilipunguza. Saa ikatetemeka mara mbili. Nikaiacha itetemeke. Ilitetemeka hata mkono ukafa ganzi, na mimi nikienda kama mtu anayemsubiri mwenziwe sokoni bila kutaka aonekane anamsubiri. Wawili wakanifikia. Kisha watatu. Mwisho nikasikia pumzi ninayoifahamu.

"Umenirudia," fundi alisema.

"Mgongo ni wako. Samahani, mama yangu. Niliiamini saa."

"Basi nyamaza tuendelee. Samahani nayo inakula pumzi."

Tukaendelea. Kwenye kilomita ya mwisho nilitazama saa: akiba yote imekwisha. Fundi alikuwa anaanza tena kuachwa, hatua moja, hatua mbili. Nilitaka kupunguza tena. Lakini nyuma yangu kulikuwa na wengine, kijana wa benki na wasichana wawili wauguzi, na bendera ilikuwa yao pia.

"Nenda," fundi alisema. "Bendera isichelewe kwa ajili yangu. Nitaiona nikiwa nyuma."

Nikaenda. Sijawahi kubeba kitu chepesi kilichokuwa kizito namna ile. Nilivuka mstari sekunde chache kabla ya saa moja kutimia, na watu kumi na mmoja pamoja nami. Fundi alivuka baadaye kidogo, saa moja ikiwa imeshapita. Alikaa chini akatazama huku na huku. "Mahema yamesimama," alisema, akaanza kulia, kisha akacheka kwa sababu analia.

Filimbi alinivua saa. Akaibonyeza, akaibonyeza tena.

"Hapa umekimbia kama umeiba," alisema. "Na hapa ulikuwa unachuma maua?"

Nilikuwa sina nguvu za kutengeneza maneno. "Mjini saa ilipotea. Niliifuata. Nilipojua, nikawasubiri niliowavunja."

"Wote wamerudi?"

"Hapana. Wengine walishakata tamaa."

Alipangusa filimbi yake kwenye fulana. "Hilo ni kosa," alisema. "Kusikia watu ni kazi ya kwanza, saa inafuata. Hakuna aliyekwambia umeongeza?"

"Mimi nilimwambia, akanisikia kwa kuchelewa," fundi alidakia akiwa chini pale pale. "Lakini alisikia. Kocha, huyu anafundisha siku gani? Nataka kujiandikisha kabla sijabadili mawazo."

Filimbi alimtazama, akanitazama mimi, akapumua kama mtu aliyepewa mzigo sokoni bila kuulizwa. "Jumanne asubuhi," alisema. "Kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Huko kwenye mashuka utawaaga mwenyewe."

Nilitaka kushukuru lakini miguu ilikataa kusimama. Nililala chali kwenye nyasi, bendera ikiwa imenikunjikia chini ya bega, na furaha ilikuwepo mahali fulani, ila ilikuwa inakuja kwa miguu. Nikasikia sauti ya mama mkwe ikipasua watu: "Yuko wapi? Jamani, mmemuua mkaza mwanangu?" Kisha vidole vidogo vikaanza kufungua kamba za viatu vyangu, kimoja, halafu cha pili, vikavuta soksi kwa nguvu zote mpaka ikatoka.

Kifaranga akaziba pua.

"Mama, miguu yako inanuka."