Machela Ikishuka, Gari Likipanda

Mwanvita alianza kutokwa damu baada ya sala ya adhuhuri, mimba ikiwa ya miezi minane. Mvua ilikuwa inakimwagikia kijiji chote cha Kinole, juu mlimani. Dada yake Mwaisha, mwalimu wa hisabati aliyekuja likizo, akampigia simu Fidelis, dereva wa gari la wagonjwa.

"Kutoka hapa nilipo hadi kwenu ni kilomita ishirini na nne," Fidelis alisema. "Ila kuna tope. Nitakwenda kilomita ishirini kwa saa, si zaidi."

Simu ikakatika, na mtandao haukurudi.

Hatibu, mume wa Mwanvita, alitaka wasubiri. "Nimtoeje mke wangu kwenye mvua hii, shemeji?"

Mwaisha alimtazama dada yake. Midomo ilikuwa imepauka. Akapiga hesabu kichwani kama ile anayowapa wanafunzi: gari linapanda, machela inashuka kilomita nne kwa saa, vitakutana lini? Muda akauita t. Ishirini t jumlisha nne t ni sawa na ishirini na nne. Kwa hiyo t ni moja.

"Tukiondoka sasa tutakutana naye baada ya saa moja, kilomita nne huko chini. Tukimsubiri afike hapa, kisha arudi hadi pale, tunapoteza karibu nusu saa."

"Na akijifungulia njiani?"

"Hata hapa hakuna wa kumsaidia."

Hatibu alilitazama shuka lililoloa damu, akatoka kwenda kuita majirani.

Wakashuka, wanaume wanne wakiibeba machela mabegani, Mwaisha akimshikia dada yake mwavuli. Saa ikatimia. Barabara ilikuwa tupu. Wabebaji wakasimama.

"Gari liko wapi, shemeji?" Hatibu aliuliza.

Mwaisha akang'amua kosa lake. Ile ishirini ilikuwa makisio ya dereva, naye aliishika kama imetoka kitabuni.

"Mwendo wake umepungua," alisema. "Lakini kila tunavyoshuka tunamfupishia njia. Tusisimame."

Walikuwa wamepita kona mbili waliposikia honi. Fidelis aliteremka akiwa na tope hadi magotini. Gari lilikuwa limenasa. Wakampakia Mwanvita garini.

Jioni, hospitalini mjini, mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji. Mama aliongezewa damu, akafumbua macho. Hatibu akaja kuketi kwenye benchi kando ya Mwaisha.

"Ulijuaje kwamba tungewahi?"

"Sikujua," Mwaisha alisema. "Nilijua tu kwamba kila hatua ilitufupishia njia."